Mpira Chini ya Injini

Mjomba wangu ni dereva wa teksi. Gari si lake, ni la bosi, na kila jioni, kabla hajaonja hata chai, lazima hesabu ya bosi iwe imetimia. Gari lenyewe ni Toyota Corolla nyeupe ambayo imekula barabara za Dar es Salaam mpaka barabara nazo zikaanza kuila. Mwaka jana ilianza kugonga. Ukiachia klachi unasikia "ko!" chini ya boneti, ukibadili gia unasikia "ko!" ya pili, utadhani kuna mtu amefungiwa humo ndani anabisha hodi.

Fundi wa uchochoroni kwetu Tandika alifungua boneti, akamwambia mjomba avute hendibreki, atie gia, aachie klachi kidogo huku anakanyaga mafuta. Tukaiona wote. Injini iliinuka upande mmoja, ikatetemeka, ikajilaza tena, kama ng'ombe mgonjwa anayejaribu kusimama.

"Mauntingi zimekwisha," akasema fundi, akafunga boneti.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulala chini ya gari, mauntingi ni kipande cha chuma chenye mpira katikati. Upande mmoja umefungwa kwa bolti kwenye injini, upande wa pili kwenye bodi, na kati ya chuma hiki na kile kuna mpira tu. Corolla ya mjomba inazo nne. Ya kulia na ya kushoto zinabeba uzito. Ya mbele na ya nyuma zinaizuia injini isibingirike kila dereva anapokanyaga mafuta. Maana yake ni kwamba injini nzima, pamoja na giaboksi yake, haigusani na gari. Imebebwa juu ya mpira kama mtoto kwenye mbeleko.

Mpya zilikuwa ghali. Za mtumba zilikuwepo, lakini mtumba wa mpira ni kama mtumba wa soksi, hujui aliyetangulia aliutumiaje. Hapo ndipo mimi, niliyemaliza kidato cha nne na kujiona msomi wa ukoo, nikatoa wazo. Nilikuwa nimesoma mahali namna vijana wa ng'ambo wenye magari ya mashindano wanavyofanya. Wanachukua mauntingi kuukuu, wanaisafisha, kisha wanajaza matundu ya ule mpira kwa gundi nyeusi ya kubandikia vioo vya mbele. Ikikauka, mauntingi inakuwa ngumu kuliko ilivyotoka kiwandani. Injini haichezi, gia zinaingia kwa mkato, na ukikanyaga mafuta gari linaitika papo hapo. Gundi hiyo Kariakoo ipo. Kwa nini tusifanye?

Fundi akanitazama kwa muda. "Kijana," akasema, "ule mpira haukuwekwa pale kwa bahati mbaya."

Sikumwelewa. Nataka niseme mapema kwamba wazo lilikuwa langu, ili msomaji asije akadhani najificha nyuma ya historia. Maana baada ya yote yaliyotokea, nililazimika kuitafuta historia ya ule mpira, na kumbe ni ndefu kuliko riwaya ninayoiandika (bado naiandika, msicheke).

Tuanze mwanzo. Karl Benz alipopata hataza ya gari lake la magurudumu matatu huko Ujerumani, Januari 1886, injini yake ilikuwa na silinda moja, nayo ilifungwa kwenye fremu chuma kwa chuma. Ilitikisa, ndiyo. Lakini abiria wa zama zile alikuwa ametoka kwenye gari la farasi, njia ya mawe, magurudumu yenye pete za chuma. Kutikiswa kwake ilikuwa sehemu ya safari, kama sisi tunavyouona msongamano wa daladala.

Mwaka 1908 Henry Ford akatoa Model T, gari lililotengenezwa mpaka 1927 na kuzidi milioni 15. Hapa kuna akili kidogo. Ford alijua barabara za mashambani Marekani zinapinda fremu ya gari kama mtu anayekamua nguo, na injini iliyokazwa kila kona ya fremu ingepasuka. Kwa hiyo akaifunga mahali patatu tu, pamoja mbele, pawili nyuma. Ni siri ya kigoda cha miguu mitatu. Kiweke popote, hata sakafu iwe na mabonde, hakichezi. Lakini bado ilikuwa chuma kwa chuma. Mikono miwili ya nyuma iliyoshika injini ilikuwa na tabia ya kupasuka, na wapo wafanyabiashara waliouza vyuma vya kuitegemeza. Mafundi wa kuchomelea wa enzi ile hawakulala njaa.

Lakini kwa nini injini itetemeke hata kidogo? Mimi nilidhani ni uzee. Siyo. Injini ya silinda nne, hata ikiwa mpya, imezaliwa na kitetemeshi. Pistoni mbili zinapanda, mbili zinashuka, na mtu angetegemea zifutane. Hazifutani sawasawa. Kwa sababu ya mshazari wa kile chuma kinachounganisha pistoni na krenki, pistoni huenda kasi zaidi katika nusu ya juu ya safari yake kuliko nusu ya chini. Baki hilo dogo linaisukuma injini nzima juu na chini, mara mbili kila krenki inapozunguka. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, msukumo huo unakuja mara 100 kwa sekunde. Juu ya hilo kuna mateke ya moto. Kila silinda inapowaka, krenki inasukumwa huku na mwili wa injini unarushwa kule. Injini ikiwa sailensa, tuseme mizunguko 750, ni mateke 25 kila sekunde. Hayo ndiyo yanayotetemesha kioo chako cha kati ukiwa kwenye taa nyekundu.

Mwingereza mmoja, Frederick Lanchester, alilijua jambo hili mapema mno. Mwanzoni mwa karne ya 20 alibuni vyuma viwili vya kuzunguka kinyume na kwa kasi mara mbili ya krenki, vyenye uzito upande mmoja, ili vitikise kinyume cha injini na mitikiso ifutane. Dawa sahihi kabisa, lakini ya gharama, na kwa muda mrefu haikuenea. Kampuni ya Mitsubishi ilikuja kuifufua miaka ya 1970.

Ukiacha dawa ya Lanchester, yaani kupiganisha mtetemo na mtetemo, njia zilizobaki ni mbili. Unaweza kuuzamisha mtetemo ndani ya kitu laini, ukageuka joto humo. Au unauacha upite uende kwa mwingine: kwenye fremu, kwenye viti, kwenye meno ya abiria. Mtetemo hauambiwi "potea" ukapotea. Na kitu laini kilichofaa kuuzamisha kilikuwa kimoja, mpira.

Hapa naomba msomaji anivumilie niache gereji kidogo, maana neno lenyewe ni letu. Mpira, kabla haujawa wa kuchezea wala wa kumwagilia bustani, kwa watu wa pwani ulikuwa mmea. Ule mtambaazi wa msituni unaotoa utomvu mweupe ukiukata. Miongo ya mwisho ya karne ya 19 utomvu huo uliokaushwa ulishuka kutoka bara hadi Kilwa na Lindi, ukapakiwa vyomboni pamoja na pembe. Waliukusanya wapagazi na wanakijiji bila kujua unakwenda kufanya nini huko Ulaya.

Ulikuwa unakwenda kupikwa na salfa. Mpira mbichi hauna faida kubwa. Kwenye joto unakuwa ulimbo, kwenye baridi unakuwa ubao. Mmarekani Charles Goodyear, mtu wa madeni aliyewahi kufungwa kwa sababu hiyo, aligundua mwaka 1839 kwamba ukiuchanganya na salfa na kuupasha moto unabaki na mnyumbuko wake kipupwe na kiangazi. Salfa ndiyo kitu ambacho wazee wetu walikiita kiberiti, kabla jina halijahamia kwenye njiti. Hataza alipata 1844, utajiri hakupata. Alikufa 1860 akiacha madeni. Mwaka 1888 John Dunlop wa Belfast akatengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu, na tangu siku hiyo dunia ikaanza kuulilia mpira.

Kilio kile kilisikika Kongo. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliimiliki nchi ile kama shamba lake kuanzia 1885 hadi 1908, na mtambaazi ule ule ulikuwa umejaa misituni humo. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira. Wanaume walipoingia msituni, wake zao walishikwa mateka mpaka mzigo utimie. Wasipotimiza, askari walikuja, na walitakiwa waonyeshe mikono iliyokatwa ili kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha ya mwanamume aitwaye Nsala, ameketi barazani, anatazama kiganja na mguu wa binti yake, vimewekwa mbele yake sakafuni. Ndivyo vilivyobaki. Niliitazama picha hiyo usiku mmoja nikafunga kitabu. Siku iliyofuata nilipita gereji nikaona fundi amekalia rundo la matairi anakunywa uji, na kwa muda sikuweza kuyatazama matairi yale kama matairi.

Sitaki nidanganye msomaji kwamba mpira wa mauntingi za kwanza ulitoka Kongo. Kufikia wakati huo biashara ilikuwa imehama. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alikuwa ametoa Brazili mbegu zipatazo 70,000 za mti wa mpira, zikapandwa katika bustani ya Kew, London, na miche yake ikapelekwa Ceylon na Malaya. Miti ile ilipokomaa na mashamba yalipoenea, mpira wa msituni ukakosa soko. Hata Wajerumani waliokuwa wamepanda mpira wa aina nyingine Muheza na sehemu za Tanga waliona bei ikiwaangukia mwaka 1913. Mpira ukawa kitu cha rahisi. Na kitu kikiwa rahisi, ndipo watu wanapoanza kukiweka mahali ambapo zamani wangecheka.

Sasa turudi kwenye injini. Mwaka 1929 Chevrolet walitoa gari la silinda sita kwa bei ya watu wa kawaida. Silinda sita zikipangwa mstari mmoja zinasawazishana zenyewe, injini inaunguruma kama paka. Walter Chrysler, aliyekuwa anauza Plymouth ya silinda nne, akajikuta pabaya. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka mwaka huo huo. Kutengeneza injini mpya ni pesa, na mteja naye hana pesa. Wahandisi wake wakuu walikuwa watatu, Fred Zeder, Owen Skelton na Carl Breer. Swali lao lilikuwa hivi: tunawezaje kuiacha injini ya silinda nne itetemeke kama ilivyoumbwa, halafu aliyekaa ndani ya gari asijue?

Jibu lilitoka Julai 1931 kwenye Plymouth ya namba PA, nalo waliliita Floating Power, yaani nguvu inayoelea. Wengi kabla yao walikuwa wamebandika vipande vya mpira chini ya miguu ya injini, lakini kubandika tu hakutoshi. Hawa walijiuliza, injini ikiachwa huru, yenyewe ingependa kubingirika wapi? Kila kitu kina mhimili wake wa kujizungusha, unaopita katikati ya uzito wake. Kwa injini ile mhimili ulikuwa wa mshazari, juu mbele na chini nyuma. Basi wakaweka mauntingi moja ya mpira juu kabisa mbele, karibu na pampu ya maji, na nyingine chini nyuma, penye giaboksi. Injini ikawa imening'inia kwenye mhimili wake wenyewe kama bembea. Ubavuni wakaweka springi moja ya bapa kuishika isije ikabingirika kupita kiasi. Basi. Mpira kipande huku, mpira kipande kule, na akili katikati.

Injini ile ilitetemeka vile vile; ukifungua boneti uliiona inacheza. Lakini ukikaa kitini, kimya. Inasimuliwa kwamba Walter Chrysler aliendesha mwenyewe moja kati ya Plymouth za kwanza mpaka kwa Henry Ford na mwanawe Edsel, akawaonyesha, akawaachia gari kama zawadi, kisha akarudi kwa teksi. (Nilipomsomea mjomba hapo alicheka sana. Alitaka kujua huyo dereva wa teksi alilipwa ngapi.) Katikati ya njaa ile Plymouth ilipanda mpaka nafasi ya tatu kwa mauzo Marekani. Ford alijibu Machi 1932 kwa njia yake, akatoa injini ya silinda nane.

Ufaransa, André Citroën alinunua haki ya kutumia ufundi ule mwaka 1932. Kwenye pua za magari yake akachora ndege wa maji, bata maji mweupe anayeelea mbele ya zile V mbili za Citroën. Sijaona tangazo zuri kuliko lile. Miguu ya ndege yule inahangaika chini ya maji, nawe unaona shingo tu.

Kuanzia hapo mpira ukawa sheria. Tatizo ni kwamba mpira wa mti haupendi oili. Oili ikiuvujia unavimba na kuoza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya DuPont ilitoa mpira wa maabara, neoprini, unaovumilia oili. Kisha mwaka 1942 Wajapani wakaiteka Malaya na visiwa vya Wadachi, na Marekani na Uingereza wakajikuta hawana mpira wa vita. Marekani ikajenga viwanda vya mpira wa kutengenezwa. Waingereza waligeukia makoloni. Huku Tanganyika mashamba ya mpira yaliyokuwa yamelala tangu wakati wa Wajerumani yakafufuliwa, na watu wakapelekwa huko kwa amri ya serikali, wapende wasipende, kama walivyopelekwa kwenye mkonge. Shuleni tulifundishwa vita ile kwa majina ya majemadari. Wagema mpira sikuwasikia hata siku moja.

Hadi hapa historia inakwenda upande mmoja, kulegeza, kulegeza. Lakini walikuwepo watu waliotaka kukaza, na hao ndio walionitia mimi mkenge.

Mpira una dosari yake. Injini ikicheza, nguvu yake inapotea kwanza kwenye kucheza kabla haijafika kwenye matairi, na vyuma vya gia vinavyoungana nayo vinavutwa kombo. Kwa mtu wa safari za kawaida hilo si neno. Kwa mtu wa mashindano ni kufa na kupona. Vijana wa Marekani waliokuwa wakishindana mbio fupi za kunyoosha walizoea kuifunga injini kwa mnyororo upande unaoinuka. Ilionekana ni ushamba, mpaka Desemba 1971, kampuni ya General Motors ilipoyaita magari milioni 6.7 yarudi, mengi yakiwa Chevrolet za 1965 hadi 1969. Mpira wa mauntingi ulikuwa unaachana na chuma chake. Injini ikiinuka ilivuta mtambo wa mafuta, gari likaongeza kasi lenyewe, na huku breki zikikosa msaada wake. Na kampuni ilitengeneza vipi? Ilifunga waya wa chuma wa kuizuia injini isiinuke. Wale vijana wa mnyororo lazima walikunja nne.

Uingereza kulikuwa na Mini, gari dogo la Alec Issigonis la mwaka 1959, ambalo injini yake ililazwa kukingama. Injini iliyokingama hujirusha mbele na nyuma, kwa hiyo Mini ilipewa fimbo ya kuizuia, yenye bushi ndogo za mpira kila ncha. Bushi zile zilikwisha haraka mno. Gari hilo lilishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, na wenye nalo majumbani wakajifunza kubadili bushi wenyewe na kuweka ngumu zaidi, hasa baada ya poliuretani kuenea. Poliuretani ni plastiki yenye tabia ya mpira, iliyovumbuliwa na Otto Bayer huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Sifa yake ni kwamba unaweza kuchagua ugumu wake, laini kama kandambili au ngumu kama gurudumu la toroli, na nyingine unaimimina ikiwa majimaji, inaganda yenyewe. Hapo ndipo kazi ya kiwanda ilipoingia jikoni kwa mtu.

Aliyefika mwisho wa njia hiyo ni Lotus 49. Juni 1967, Zandvoort, Uholanzi, Jim Clark alishinda kwa gari ambalo nyuma ya dereva halikuwa na fremu. Injini ya Cosworth ilifungwa kwa bolti mgongoni mwa bodi, na magurudumu ya nyuma yakashikiliwa na injini. Chuma kwa chuma tena, kama Benz. Dereva alipokea kila teke, lakini yeye alilipwa kwa hilo, na ilikuwa ni saa mbili tu.

Mjomba anaendesha saa 14.

Kazi tuliifanya Jumapili. Tulifungua mauntingi zote nne, kosa la kwanza. Tulizisugua kwa brashi ya waya na petroli, tukaziba upande mmoja kwa selotepu, tukajaza gundi mpaka juu. Kosa la pili ni langu peke yangu. Gundi ya vioo hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, milimita chache tu kwa siku. Kwenye kioo inapakwa nyembamba, haina shida. Sisi tulikuwa tumejaza donge nene kama andazi, tukalipa usiku mmoja, maana Jumatatu hesabu ya bosi inasubiri. Juu ilikuwa kavu, ukibonyeza inarudi. Ndani ilikuwa mbichi kama ugali wa mtoto aliyeachiwa jiko.

Siku ya tatu mauntingi ya kulia ilitema gundi yote kwenye fremu. Tulirudia, safari hii kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, gari likalala siku tisa. Siku tisa bila hesabu. Mjomba alikopa kwa jirani akampelekea bosi, na mimi nikawa napita njia ya nyuma kwenda dukani.

Mara ya pili ilishika. Na nisiseme uongo, ilikuwa tamu. Gia ziliingia kama kisu kwenye parachichi. Ile "ko!" ikakoma kabisa. Fundi mwenyewe alizunguka nalo mtaa mzima akarudi akanyamaza.

Lakini lilitetemeka. Dashibodi iliimba, milango iliimba, namba ya mbele iliimba sauti ya tatu. Kwenye foleni abiria walishika vipini vya mlango. Wale wa kuita kwa simu walianza kumpa nyota tatu, mbili, mmoja akaandika kwamba gari lina homa. Baada ya mwezi rejeta ilichanika kwenye pembe ya kishikio chake. Fundi aliunga, hakusema kitu.

Siku moja jioni nilimkuta mjomba uani, ametumbukiza mikono kwenye karai la maji ya moto. Nikamwamkia, nikauliza kulikoni.

"Vidole, mjomba. Vinakufa ganzi. Tangu lini sijui. Nikishuka kwenye gari usukani bado naushika."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ulifurahi sana siku ile."

Waendesha bodaboda watanielewa, maana pikipiki zao nyingi injini imefungwa kwenye fremu bila mpira wowote, na mikono yao wanaijua. Mtetemo ule wa silinda nne, ambao wahandisi watatu wa Chrysler waliutafutia mahali pa kuuzamisha, mimi nilikuwa nimeutoa pale nikaupitisha kwenye bodi, kwenye usukani, nikaufikisha kwenye vidole vya mtu aliyenilipia ada ya shule.

Nilikwenda kwa fundi nikamweleza. Hakunicheka. Alinichorea chini kwa msumari: hizi mbili za kubeba uzito ziache laini, hizo ndizo mto wa gari. Ya nyuma nayo iache. Ngumu iweke mbele peke yake, maana ya mbele haina mzigo, kazi yake ni kushika injini inapotaka kujirusha tu. Injini ikitulia haisukumi sana kitu, haikusumbui. Ni lile lile wazo la 1931, la kuuliza kwanza injini inataka kubingirika wapi. Fundi hajawahi kusikia habari za Plymouth. Alijifunza kwa kukata bushi za shokapu kutoka kwenye matairi makuukuu, miaka 30.

Tulinunua tatu za mtumba kwa pesa niliyopata kwa kupiga chapa tasnifu za wanachuo. Nilizichagua mwenyewe, nikazikunja kila moja mwangani kutafuta nyufa, mwenye duka akaniuliza kama nanunua mauntingi au nachumbia. Kazi ya kufunga ilituchukua nusu siku.

Ya mbele tumeiacha na gundi yake. Mjomba anasema gia ya pili inaingia vizuri kuliko siku alipokabidhiwa gari. Vidole vimerudi, isipokuwa kidole kidogo cha kushoto ambacho anadai kina uvivu wake wa kuzaliwa. Akisimama kwenye foleni ya Tazara kioo cha kati kinatetemeka kidogo, na ameshakizoea.